Begi likichukuliwa kwenye ngazi za ndege: kisa cha chaja na betri, Mwanza hadi Guangzhou

Msafiri wa kisa hiki ni mama mfanyabiashara wa Kirumba, Mwanza. Anauza taa za kuvulia dagaa pamoja na vifaa vya simu, na safari hii anakwenda Guangzhou kuonana na watu wa kiwanda, kisha Yiwu kununua mzigo. Tiketi ina vipande vinne: Mwanza hadi Dar es Salaam kwa ndege ya mapangaboi, Dar hadi Dubai na Dubai hadi Guangzhou kwa Emirates, halafu Guangzhou hadi Yiwu kwa ndege ya ndani ya China. Kisa ni cha mfano. Tumekiunda ili makosa yanayowapata wasafiri tofauti yakutane kwenye safari moja na kila moja lichambuliwe mahali pake.

Usiku wa kuamkia safari amefunga hivi. Begi kubwa, lile linalopimwa kaunta na kwenda kwenye chumba cha mizigo, lina chaja ya kompyuta mpakato, ekstensheni ya matundu manne, pawabenki ya 30,000 mAh iliyovingirishwa kwenye kanga isije ikavunjika, pawabenki ndogo ya 10,000 mAh ambayo huwa anakwenda nayo visiwani Ukerewe na Ukara, na betri moja ya taa ya kuvulia, 12.8 V na 20 Ah, anayotaka kiwanda kiione. Begi dogo la magurudumu, la kuingia nalo ndani, lina kompyuta mpakato, pawabenki ya 20,000 mAh, nyingine aliyoinunua Makoroboi, mjini Mwanza, iliyoandikwa 80,000 mAh, na tochi ya kuchaji. Betri mbili za akiba za tochi zimetupwa kwenye mfuko wa pembeni wa begi hilohilo, pamoja na funguo na sarafu. Simu mbili na chaja zake ziko kwenye mkoba wa begani.

Mtu akiangalia haraka ataona kosa la begi kubwa na kuishia hapo. Kosa tunalolihofia zaidi liko kwenye begi dogo, ambalo mwenyewe anaamini amelifunga sawasawa.

Kinachotunza umeme na kisichotunza

Chaja ya ukutani, waya, adapta ya plagi na ekstensheni havina umeme wowote vikishachomolewa. Vinaweza kwenda begi lolote. Tahadhari yake ni ndogo: pini tatu nene za plagi zetu hukwaruza kioo cha kompyuta na kutoboa mfuko laini, kwa hiyo zivishwe soksi au zigeuzwe zitazame nje. Tunashauri tu chaja ya kompyuta ihamie begi la mkononi, maana begi kubwa likichelewa Dubai siku mbili, kazi zote zinasimama kwa kukosa waya mmoja.

Pawabenki ni jambo lingine. Kanuni za usafiri wa anga za kimataifa zinaihesabu kama betri ya akiba, hata kama mwenyewe anaitumia kuchaji simu tu. Betri ya lithiamu ya akiba hairuhusiwi kwenye begi la kupakiwa, iwe kubwa au ndogo kama kiberiti. Betri iliyofungwa ndani ya kifaa chake, kama simu au kompyuta mpakato, inaweza kupakiwa endapo kifaa kimezimwa kabisa, si kulazwa tu kwa kufunika kioo, na kimekingwa kisibonyezwe wala kujiwasha. Hata hivyo, mahali pake pazuri ni ndani, pamoja na abiria.

Hizi betri mbili za tochi zinastahili kutazamwa kwa karibu. Ni zile za duara, saizi inayoitwa 18650: kipenyo cha milimita 18, urefu milimita 65. Wengi hudhani upande hasi ni kitako peke yake. Sivyo. Kopo lote la chuma, kuanzia kitako hadi kwenye bega la juu, ni hasi. Kilicho chanya ni kifuniko kidogo cha juu, na kati ya kifuniko na bega kuna upenyo mwembamba unaofunikwa na nailoni ile ya rangi iliyoivaa betri. Nailoni ikichanika hapo, ufunguo mmoja ukilala kuanzia kifuniko hadi begani unatosha kufunga mzunguko. Ufunguo unapata moto wa kuunguza kitambaa ndani ya sekunde chache, na betri nayo inachemka. Zikae kwenye kiboksi chake cha plastiki, au kila kichwa kibandikwe utepe na kila betri iingie kwenye kifuko chake.

Hesabu ya lebo

Mpaka wa kuruhusiwa unapimwa kwa wati-saa, zinazoandikwa Wh. Lebo yenye Wh inamaliza mjadala. Lebo isiyo nayo inadai hesabu: mAh gawanya kwa 1,000 upate Ah, kisha zidisha kwa volti za seli. Volti za seli nyingi za pawabenki ni 3.7. Kosa la kawaida ni kutumia volti 5 za tundu la kutolea chaji, na hapo pawabenki ya 30,000 mAh inapewa Wh 150 ambazo haina. Kosa la pili liko kinyume chake: lebo nyingi zina namba mbili za mAh, kubwa ya seli na ndogo ya kile kinachotoka kwenye tundu. Anayechukua ile ndogo na kuizidisha kwa 3.7 anapata jibu la chini kuliko ukweli. Chukua namba kubwa na 3.7.

Kwa mama wa Kirumba hesabu inatoka hivi. Pawabenki ya 10,000 mAh ni Wh 37. Ya 20,000 ni Wh 74. Ya 30,000 ni Wh 111. Betri ya taa, 12.8 mara 20, ni Wh 256. Kanuni ya jumla inasema hadi Wh 100 unabeba mkononi bila kuomba. Zaidi ya 100 hadi 160 unahitaji kibali cha shirika la ndege kabla ya safari, na zisizidi mbili. Zaidi ya 160 haisafiri na abiria. Ndiyo maana sokoni kuna pawabenki nyingi za 26,800 mAh: ni Wh 99 na kidogo, zimetengenezwa makusudi zikae chini ya mstari.

Sasa ile ya Makoroboi. Imeandikwa 80,000 mAh, ambayo kwa hesabu ni Wh 296. Ukiishika ina uzito wa gramu 250 hivi. Seli moja nzuri ya 18650 hubeba kama 3,500 mAh na huwa na uzito wa gramu 45 hadi 50. Kupata 80,000 za kweli unahitaji seli 23, yaani zaidi ya kilo moja kabla hujaweka ganda. Namba hiyo basi ni ya uongo. Ndani huenda kuna kama 10,000. Lakini afisa wa ukaguzi hana kazi ya kuipasua ahakikishe. Anasoma kilichoandikwa, na kilichoandikwa kinapita mpaka karibu mara mbili. Uongo wa muuzaji unamwangukia msafiri. Isiyo na lebo kabisa, au ambayo maandishi yamefutika kwa kukaa mfukoni, nayo hukataliwa, kwa kuwa hakuna cha kusoma. Anayenunua pawabenki kwa ajili ya kusafiri asome lebo kwanza kabla ya bei, na akatae namba zisizolingana na uzito.

Ile ndogo ya visiwani ina ugonjwa wake. Imeshanyeshewa kwenye boti, imekauka, imeendelea kutumika, na sasa ubavu mmoja umevimba kiasi kwamba ukiiweka juu ya meza inayumba. Kuvimba ni gesi iliyozalishwa ndani baada ya kemikali kuharibika. Betri iliyovimba, iliyopasuka, iliyowahi kuloa au inayopata moto bila kutumika haisafiri kabisa, iwe mkononi au kwenye begi la kupakiwa. Wh 37 zake hazimsaidii kitu. Nyumbani isitobolewe wala isichajiwe tena. Iwekwe kwenye ndoo ya chuma yenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, kivulini, mbali na majiko na mitungi ya gesi, hadi impate fundi au mkusanyaji wa taka za umeme. Isitupwe jalalani, ambako moto huwashwa.

Kwa nini ndani na si chini

Ndani ya seli ya lithiamu kuna tabaka mbili zilizotenganishwa na utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele, zikiwa zimelowa kimiminika kinachoshika moto. Utando ukitoboka kwa kukandamizwa, kwa kasoro ya kiwandani au kwa joto, umeme wote wa seli unamwagika ndani kwa ndani. Joto linapanda, kemikali zinavunjika na kutoa joto zaidi pamoja na gesi, seli inapasuka na kuchoma jirani yake. Hakuna swichi ya kulisimamisha; linakoma seli zikiisha au zikipozwa.

Chumba cha mizigo cha ndege za abiria kina mfumo wa kuzima moto unaomwaga gesi ya haloni. Haloni inaua miali, na kwa nguo au karatasi inatosha. Haipozi seli. Betri inaendelea kuchemka gizani, inatema gesi inayowaka, na hakuna mtu wa kufika hapo. Ndani ya kabini abiria ananusa, anaona moshi, anaita. Wahudumu wanapiga mtungi wa haloni kwenye miali kisha wanamwagia maji au kinywaji kisicho na kileo, kingi, ili kupoza. Wanajifunza zoezi hilo. Tofauti yote ya kanuni inatokana na mkono wa mtu kuweza kufika au kutofika.

Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS, Boeing 747-400, ilishika moto muda mfupi baada ya kuruka Dubai ikiwa na shehena yenye betri za lithiamu ndani yake, na marubani wote wawili walikufa. Tarehe 28 Januari 2025 ndege ya Air Busan aina ya Airbus A321 iliungua uwanjani Gimhae, Korea Kusini, kabla ya kuruka. Wote 176 walitoka hai. Moto ulionekana kuanzia kwenye kabati la juu la mizigo, na uchunguzi ukaelekeza kwenye pawabenki. Kisa hicho cha pili ndicho kilichobadilisha kanuni za mashirika mengi: kuwa ndani ya kabini hakutoshi ikiwa betri iko juu, imefungiwa, imefunikwa na mabegi ya watu wanne.

Kaunta ya Mwanza

Uwanja wa Mwanza uko kando ya ziwa, kaskazini mwa jiji, na mizigo hupita kwenye mashine ya eksirei kabla ya kupimwa. Kwenye picha ya mashine seli za duara huonekana kama safu ya mitungi myeusi iliyolala pamoja. Kanga haizifichi hata kidogo. Begi kubwa linawekwa pembeni.

“Shikamoo mama. Begi hili umelifunga mwenyewe?”

“Marahaba mwanangu. Mwenyewe.”

“Ndani kuna pawabenki mbili na betri kubwa. Tulifungue pamoja.”

“Ni za kuchajia tu hizo, si za kuuza.”

“Nakuelewa mama, ila haziwezi kwenda chini.”

Kwenye hatua hii mambo bado yanarekebishika, ndiyo sababu tunasisitiza kufika mapema. Betri ya taa ya Wh 256 haina njia. Ndugu aliyemleta anaweza kuirudisha nayo Kirumba kama bado yuko nje. Kama ameshaondoka, inabaki. Ile iliyovimba vilevile. Ya Wh 111 ingeweza kuombewa kibali, lakini kibali huombwa siku kadhaa kabla kupitia ofisi ya shirika, na si shirika moja bali kila moja linalomchukua njiani.

Hapa kuna jambo ambalo wauza tiketi hawalisemi: safari yenye vipande vinne inafuata kanuni ya kipande kilichobana kuliko vyote. Tangu tarehe 1 Oktoba 2025 Emirates wanaruhusu pawabenki moja tu kwa abiria, isiyozidi Wh 100, isiyotumika wala kuchajiwa ndani ya ndege, na isiyowekwa kabati la juu. Ile ya 111 haivuki Dar hata kama ingeruhusiwa kutoka Mwanza. Ile ya 80,000 za uongo haivuki popote. Inabaki ya 20,000 mAh, Wh 74, moja peke yake. Kisha tangu tarehe 28 Juni 2025 ndege za ndani za China hazipokei pawabenki isiyo na alama ya 3C, yaani ya cheti cha lazima cha usalama cha China, iliyo wazi. Kama hii ya Wh 74 haina alama hiyo, itafika Guangzhou salama na kuishia hapo, kwenye ukaguzi wa ndege ya Yiwu. Njia rahisi ni kununua moja yenye 3C akifika Guangzhou na kuiacha ya Mwanza nyumbani tangu mwanzo. Kwa saa za angani, simu iliyojaa chaji na tundu la kiti vinatosha.

Na betri ya taa ya kiwandani? Alichokihitaji kiwanda si umeme wake. Kinahitaji vipimo: urefu, upana na kimo kwa milimita, picha ya lebo, aina ya kiungio cha waya pamoja na kiungio chenyewe kilichokatwa kikiwa na sentimita 10 za waya, picha ya sakiti ya ulinzi, na idadi ya saa ambazo taa lazima iwake usiku mmoja ziwani. Ganda la taa tupu, bila betri, linasafiri kwenye begi kubwa bila swali. Hii ni bora kuliko sampuli nzito, kwa sababu kiwanda kikiandikiwa saa za kuwaka kitapendekeza betri inayofaa badala ya kunakili iliyopo pamoja na kasoro zake.

Chini ya ngazi

Begi kubwa limepita. Mama ana begi dogo la magurudumu, lina kompyuta, pawabenki ya Wh 74 na betri mbili za tochi. Amepita ukaguzi wa pili. Anatembea hadi kwenye ndege.

Makabati ya juu ya ndege za mapangaboi, kama ATR au Dash 8, ni madogo. Begi la magurudumu linaloingia bila shida kwenye ndege kubwa ya Dubai haliingii humu. Kwa hiyo mfanyakazi wa uwanja anasimama karibu na ngazi, anayakusanya, anayafunga kikaratasi, na yanapakiwa nyuma pamoja na mizigo mingine. Watu wamepanga foleni, jua la saa saba linapiga, nyuma kuna mtu anamsukuma mtoto mbele. Mama anaachia mpini, anapokea kikaratasi, anapanda.

Kwa kitendo hicho betri za akiba zimehamia chumba cha mizigo. Hakuna mashine iliyobaki ya kuziona. Kila aliyezikagua alizikagua akijua zinakwenda kabini. Msafiri hakuficha kitu, mkaguzi hakukosea, na bado hali ndiyo ileile ambayo kanuni zote zimewekwa kuizuia, tena ikiwa na betri huru zinazogongana na funguo.

Ndiyo maana ushauri wetu mkuu hauhusu begi gani bali kifuko gani. Betri zote za akiba zikae kwenye kifuko kimoja kidogo chenye zipu, cha kuonyesha ndani ikiwezekana, na kifuko hicho kikae kwenye kitu ambacho hakitaombwa kamwe: mkoba wa begani, pochi ya kiunoni. Kisiingie kabisa kwenye begi la magurudumu, hata kwa muda, hata kwa sababu mkoba umejaa. Ukilazimika kukiweka humo, kikae mfuko wa nje wa juu, peke yake, kiasi cha kukitoa kwa mkono mmoja huku ukitembea. Pawabenki iliyozama chini ya nguo, na waya wake umechomekwa, hutaitoa kwenye foleni. Utaona aibu kufungua begi mbele za watu na utaacha iende.

Mfanyakazi wa ngazini akiuliza kama ndani kuna betri, jibu la kweli linachukua sekunde chache. Asipouliza, mwambie mwenyewe. Pamoja na kifuko, toa pia sigara ya umeme kama unayo, kwa kuwa nayo haipakiwi. Kompyuta itoe. Ikibidi ibaki begini, izime kabisa kwanza.

Kifuko chenyewe kinafungwa hivi. Waya zote zimechomolewa. Tundu za pawabenki zimefunikwa kwa kizibo au utepe, zisiingize vumbi wala pini ya nywele. Kama ina kitufe, kitufe kitazame upande usiobanwa, kwa maana kubanwa kunaiamsha na kuiacha ikiwaka njia nzima. Sarafu, funguo, kalamu za chuma na vipuli visiingie humo. Chaji ya nusu inatosha. Betri iliyojaa hadi juu ina nguvu nyingi zaidi ya kumwaga ikiharibika. Simu zenyewe zibaki na chaji ya kutosha kuwaka, kwa sababu kwenye baadhi ya viwanja vya nje mkaguzi huomba ukiwashe kifaa mbele yake.

Angani

Dar hadi Dubai ndege ni kubwa na huwa na tundu za umeme kwenye viti. Chaji simu kwa tundu la kiti, iwe mahali unapoiona, si chini ya blanketi wala chini ya mto. Kifaa cha kuchajiwa kinahitaji hewa. Ukitaka kulala, chomoa kwanza. Pawabenki isichajiwe kwa tundu la kiti. Ikae kwenye mfuko wa kiti cha mbele au chini ya kiti.

Simu ikidondoka na kuzama kwenye maungio ya kiti, usiguse kitufe cha kulaza wala kunyanyua kiti, na usichokoe kwa mkono. Mitambo ya kiti inakunja simu kama karatasi, na simu iliyokunjwa hutoboka ule utando tuliousema. Simama, mwite mhudumu, mwambie imeingilia upande gani.

Kifaa kikipata moto usio wa kawaida, kikatoa harufu tamu ya kemikali au kikaanza kutuna: kichomoe kama unaweza kufikia waya bila kukigusa, sogea, ita kwa sauti. Usikibebe kukipeleka chooni. Usikifunike kwa blanketi. Usikiwekee barafu, maana barafu inakizingira na kuzuia joto lisitoke. Maji yanafaa, na wahudumu ndio wenye utaratibu wake.

Soketi za ugenini

Hili ni fupi. Guangzhou umeme ni volti 220, na plagi zetu za pini tatu nene haziingii. Huko ni pini mbili bapa au tatu bapa za mshazari. Adapta hubadili umbo la pini tu, haibadili volti, kwa hiyo soma chaja yako: ikiandikwa 100–240V inakubali kote huko. Ekstensheni ya matundu ya kulegea aliyoibeba ibaki nyumbani. Plagi inayocheza ndani ya tundu hutoa cheche na joto hapo hapo kwenye mguso, na kuichomekea kompyuta, simu mbili na pasi ya hoteli kwa pamoja ni kuutafuta moto.

Kurudi na mzigo

Safari ya kurudi ndiyo inayowaponza wafanyabiashara wa kanda hii. Mama amenunua pawabenki 60 za dukani na taa 40 zenye betri. Kanuni za abiria zote tulizozitaja ni za matumizi binafsi. Bidhaa ya kuuza si ya matumizi binafsi, hata ukiigawa kwa wenzako watatu wa safari. Mzigo huo unaondoka kama shehena, kwa wakala anayepokea bidhaa hatarishi.

Muulize muuzaji mambo mawili kabla ya kulipa: ripoti ya jaribio la UN 38.3, lile la usalama wa betri safarini, ya betri ile ile unayonunua, si ya jamii yake, na namna atakavyofungasha. Betri zinazosafiri peke yake huandikwa UN 3480, namba ya kutambulisha bidhaa hatarishi. Pawabenki ziko kundi hili. Betri zilizo ndani ya kifaa au zilizofungwa pamoja nacho ni UN 3481. Taa zako ziko hapa. Tofauti hiyo inabadilisha nauli na njia, kwa sababu tangu tarehe 1 Aprili 2016 betri za kundi la 3480 hazipakiwi kabisa kama shehena kwenye ndege za abiria. Zinasubiri ndege ya mizigo pekee, zikiwa na chaji isiyozidi asilimia 30, au zinakwenda kwa meli. Kwa mzigo wa ukubwa huu, kontena la kuchangia hadi Dar na lori hadi Mwanza ndiyo njia tunayoipendekeza. Ni wiki nyingi zaidi, lakini gharama inabebeka.

Utakutana na mkusanyaji wa mizigo atakayesema, “Dada, tutazichanganya na nguo, zitapita kwa ndege wiki hii.” Mkatalie papo hapo na uchukue mzigo wako wote kwake, pamoja na nguo. Katoni iliyoandikwa nguo itapangwa katikati ya katoni nyingine za nguo, itabanwa na uzito, na hakuna mpakiaji atakayejua cha kuangalia. Kwenye hati ya mzigo yaandikwe maneno “betri za lithiamu”, idadi, Wh ya kila moja na namba ya UN, na nakala yake ibaki kwenye simu yako hadi siku lori litakapoingia Mwanza.